Bakalau ya Mkwe Mwenzangu

Wivu wangu ulianza kwa kipande cha mkate. Mwanangu alikimega, akakipitisha kwenye sahani, akakizungusha mpaka mafuta yote yakakauka, kisha akakitia mdomoni na kufumba macho. Sahani ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama yake mkaza mwana wangu, mwanamke wa Kireno, na kilichokuwa ndani yake ni samaki wa chumvi. Nilikuwa nimekaa mbele yao nimeweka tabasamu, na moyoni nikiuliza: huyu ni mimi niliyemzaa, au nani?

Samaki huyo Wareno wanamwita bakalau. Ni samaki mkubwa wa bahari za baridi. Humpasua, humtia chumvi, humkausha mpaka awe mgumu kama ubao. Dukani wanakomnunua, kule kusini ya London wanakokaa Wareno wengi, huwa wamepangwa wima kama mafaili ya ofisini, na mwenye duka huwakata kwa msumeno wa umeme. Ukiingia tu, harufu inakupokea mlangoni. Mimi harufu ile naijua. Nimezaliwa Pemba. Kwetu kuna ng'onda, samaki aliyepasuliwa akatiwa chumvi akaanikwa juani, na kuna papa mkavu, ambaye ukimpika, jirani wa nyumba ya tatu anajua leo kwako kuna nini. Kwa hiyo siku ile ya kwanza mkwe mwenzangu aliponifunulia sufuria yake kwa fahari, akanieleza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga nami nikamsikiliza kwa changu, nilimjibu kwamba ni kizuri sana, na ndani nikacheka. Nimekuja Ulaya kufundishwa samaki wa chumvi.

Ningeendelea kucheka kama si kile kipande cha mkate.

Kwa sababu mwanangu huyu huyu, alipokuwa na miaka kumi na tatu, ndiye aliyenikataza kupika papa. Tulikuwa tunakaa fleti hii hii ya Kilburn ninayokaa hadi leo, ghorofa ya pili, juu ya duka la simu. Baba yake alikuwa hai. Kila aliyekuja kutoka nyumbani alikuja na furushi la dada yangu: papa mkavu amefungwa gazeti, kisha plastiki, kisha kanga kuukuu, kisha plastiki nyingine, na bado sanduku zima la msafiri lilinuka. Jumamosi nilikuwa namroweka kidogo kwa maji ya moto, namsugua mchanga, namchemsha, namwaga maji, halafu namtia tui, ukwaju na pilipili mbichi. Mume wangu alikuwa hasemi neno mpaka sahani iishe. Mwanangu naye, alipokuwa mdogo, alikuwa akila mpaka analamba vidole.

Kisha akaingia sekondari. Siku moja nikamkuta ametundika koti lake la shule nje ya dirisha, na mvua inanyesha. Nikamuuliza, una wazimu wewe? Akanijibu kwa Kiingereza, maana tangu aanze shule ile Kiswahili alikuwa anakisikia tu, hakirudishi. Alisema wenzake wanaziba pua akipita. Alisema wamempa jina. Jina lenyewe hakunitajia, na mpaka leo silijui. Mwisho akaniambia, "Mama, please, usipike tena ile kitu." Hilo la mwisho alilisema kwa Kiswahili, nikalisikia vizuri.

Sikupika tena. Papa waliobaki niliwafunga mifuko mitatu, nikawabeba asubuhi nikienda kazini, nikawatupa kwenye pipa la kituo cha basi mbali na kwetu, ili hata pipa letu lisinuke. Dada yangu nikamwambia siku hizi uwanja wa ndege hawaruhusu. Mume wangu alininunia wiki mbili, kisha akazoea samaki wa barafu. Akafa hajaonja papa tena ndani ya nyumba yangu.

Sasa niambieni. Mama wa namna hiyo akimwona mwanawe yule yule, ana ndevu, ana mke, kila Jumapili anavuka London nzima kwa treni mbili kwenda kula samaki wa chumvi wa mwanamke mwingine, tena anampiga picha kabla ya kumla, afanye nini? Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hawakusema mwenye kile cha zamani akae wapi akitazama.

Bakalau za mkwe mwenzangu nilizijua zote, maana mwanangu alinisimulia kwa simu bila huruma. Kuna ya kuchambuliwa nyuzinyuzi ikachanganywa na mayai na viazi vilivyokatwa kama njiti za kiberiti. Kuna ya malai ya maziwa inayoingia kwenye oveni mpaka ikapiga rangi juu. Kuna ya mkesha wa Krismasi, ya kuchemsha tu na viazi na kabichi, na hiyo nayo aliisifia, kabichi la kuchemsha, mtoto ambaye kwangu kabichi alikuwa akilificha chini ya sahani. Mkaza mwana wangu aliniambia kwao kuna namna ya kumpika samaki huyu kwa kila siku ya mwaka. Msichana mwema, alisema kunifurahisha. Nilimwambia mashallah, nikaenda chooni nikakaa huko kidogo.

Mwaka huu nikapata mjukuu wa kike. Kwetu mtoto akitimiza siku arubaini, watu hukusanywa, dua husomwa, na watu hula. Chakula hicho kichwani mwangu kilikuwa kimeshapikwa tangu mimba ya miezi mitatu: pilau ya mbuzi, kachumbari, na mwanangu akipita na sahani akisema, mama kapika. Kwa hiyo aliponipigia simu kuniambia arubaini itafanyika kwangu, kwa sababu dari la jiko lao limevuja na mwenye nyumba amebomoa kila kitu, nilifurahi mpaka nikainuka kwenye kiti.

"Lakini chakula, mama mkwe atapika," akasema. "Kwake hawezi, ana chumba kimoja tu na jiko ni la kuchangia. Atapika hapo hapo kwako. Bakalau. Samaki kila mtu anakula, Waislamu, upande wao, hakuna wa kuuliza maswali. Wewe relax tu, Mama. Pumzika."

Akufukuzaye hakwambii toka. Anakwambia pumzika. Nilimjibu inshallah, neno ambalo mtu akilitaka kwa maana yoyote linampa, nikakata simu. Kesho yake nikanunua kilo tatu za nyama ya mbuzi nikaiweka kwenye friza, bila kumwambia mtu.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kazi, mkwe mwenzangu akaja na samaki wake amekatwa vipande. Ni mwanamke mfupi, ana sauti nzito, na mikono yake imekauka kwa dawa za kusafishia maofisi, kama yangu ilivyokauka kwa kuogesha wazee. Akaomba beseni, akavipanga vipande ngozi juu, akajaza maji baridi, akaliingiza beseni kwenye friji yangu baada ya kuhamisha vitu vyangu. Kisha akanifundisha. Maji yamwagwe na kubadilishwa mara tatu leo, mara tatu kesho. Mara sita. Yeye mwenyewe hataweza kuja, Jumamosi ana zamu mbili. Akachukua karatasi, akachora visanduku sita, akaibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku yangu mwenyewe, ile yenye picha ya karafuu. Kila nikibadilisha, niweke alama.

"Ni muhimu sana," akasema, akanishika kifundo cha mkono. "Samaki ni maji. Ukikosea maji, hakuna kitu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Alipotoka nilisimama mbele ya karatasi ile kama mtoto aliyepewa kazi ya nyumbani. Mimi, mtoto wa Pemba, niliyeanza kuosha ng'onda kabla sijajua kufunga kanga, nawekewa alama za kuroweka samaki ndani ya jiko langu.

Mara ya kwanza nilisahau, kwa haki ya Mungu. Nilikwenda kazini, kwenye nyumba ya wazee upande wa Neasden, nikarudi alasiri nimechoka, nikaiona karatasi. Nilishika kalamu kwanza. Shetani alinikuta hapo, na kalamu mkononi. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza, na kwa kuwa wino ulikuwa umeshatoka, nikaweka na cha pili. Kisha nikafungua friji nikalitazama beseni. Maji yalikuwa yameanza kupata weupe. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nikafunga friji.

Sikuongeza chumvi, na nataka hilo lijulikane. Sikutia kitu chochote. Niliacha tu, na kwa mtu mwenye wivu kuacha ni rahisi kuliko kutenda, kwa sababu unaweza kujiambia hukufanya lolote. Usiku ule nikaweka alama ya tatu, na Jumamosi asubuhi ya nne huku nakunywa chai. Mchana nikaweka nyingine, na jioni ya mwisho, na ile ya mwisho niliipamba kidogo.

Nilichokitaka nilikijua vizuri. Nilitaka mwanangu atie tonge mdomoni, asite, anywe maji, kisha ageuze shingo aangalie upande wangu. Mimi ningesema, haidhuru, mwanangu, kuna pilau. Kumwaibisha yule mama sikukufikiria, au nilikufikiria nikakupita haraka. Nilitaka tu mwanangu aangalie upande wangu. Nyama nikaitoa kwenye friza ikayeyuke.

Jumapili saa mbili asubuhi mkwe mwenzangu alikuwa mlangoni na viazi, mayai, zeituni nyeusi, mafuta yake, kotimiri, na chombo kikubwa cha udongo cha mama yake alichokipakata kwenye basi njia nzima. Alikuwa anaimba kwa ndani. Alimenya viazi akiimba, akachemsha mayai akiimba. Kisha akalitoa beseni kwenye friji, akayamwaga maji kwenye sinki, na wimbo ukakatika.

Aliyatazama yale maji mpaka yakaisha kwenye tundu. Akanyofoa kipande kidogo cha samaki mbichi, akakitafuna. Akaigeukia karatasi, akahesabu alama kwa kidole. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika ufagio ambao sikuwa na kazi nao.

"Ulibadilisha?" akaniuliza.

"Ndiyo. Mara sita."

Akasema taratibu, akinitazama usoni, "Basi ni yule wa dukani. Ameniuzia samaki mbaya. Miaka mingi nanunua kwake, leo amenifanyia hivi."

Nikamjibu, "Huenda." Neno hilo mpaka leo limenikwama kama mwiba.

Alimchemsha, akamwaga. Akamchemsha tena, akamwaga, akaonja, akatikisa kichwa. Aliniambia akizidisha moto samaki atageuka nyuzi tupu. Ilikuwa saa nne, na watu walialikwa saa saba. Akafungua aproni yake, akaikunja vizuri, akaketi kwenye kigoda changu karibu na mashine ya kufulia. Hakulia. Alisema bintiye alipoolewa kwetu, ndugu zake walimwambia amempoteza, hataitwa tena kwenye sherehe za watoto wa binti yake, kwamba watu hawa wana vyakula vyao na dini yao. Yeye akawajibu kwamba atawapikia hao watu samaki wa mama yake na watakula.

"Leo watanywa maji tu," akasema.

Nyama ya mbuzi ilikuwa ndani ya friji, imeyeyuka, imetiwa tangawizi na thomu. Saa yangu ndiyo ilikuwa imefika. Nilifungua mdomo niseme pilau. Na sijui ni kwa sababu ya ile mikono yake iliyokauka juu ya aproni iliyokunjwa, au ni ubishi tu wa mtu wa Pemba kwamba samaki wa chumvi hajazaliwa wa kunishinda, nikajisikia nasema, "Niachie mimi. Nitampika kama kwetu."

Nilifungua madirisha yote ya nyumba kwanza. Mazoea. Kisha nikatoa makopo manne ya tui, ukwaju, bizari, nyanya, vitunguu, pilipili mbichi, na muhogo wa barafu. Chumvi nikaiweka juu kabisa ya kabati nisije nikaishika kwa bahati mbaya. Samaki mwenye chumvi dawa yake si kuipigania, ni kumpa vitu vingi visivyo na chumvi vimnyonye. Viazi vyake alivyomenya nikavitia kwenye tui zito. Ukwaju nikaukamua mwingi. Muhogo nikauchemsha kwa maji matupu. Mkwe mwenzangu aliinuka akawa ananipokea vitu, ananikatia. Na harufu ikapanda. Haikuwa ya papa hasa, lakini ilikuwa ya nyumba moja na papa, na ilikuwa na miaka zaidi ya kumi na tano haijaingia jikoni mwangu. Kimoyomoyo nikamwambia marehemu, nisamehe, ungengoja kidogo.

Alionja kwa mwiko. Akaonja tena. Kisha akakileta kile chombo cha udongo cha mama yake, tukamimina, na kwa kuwa mayai yalikuwa yameshachemshwa na zeituni zimeshanunuliwa, akazipanga juu, akanyunyiza kotimiri. Ukikitazama chakula kwa juu kilikuwa cha Kireno kutoka ukingo hadi ukingo.

Watu wakaja. Hawakuwa wengi: mwanangu na mkewe na mtoto, jamaa wachache, na mzee mmoja wa Wete, kwetu Pemba, aliyekuwa rafiki wa mume wangu, ambaye ndiye aliyesoma dua. Mwanangu alipoingia nilimvua koti lake la sufu nikalipeleka chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikaziba chini kwa taulo. Sikufikiri. Mkono ulifanya wenyewe.

Dua ikasomwa, mtoto akapita mikononi, chombo kikafunuliwa. Mzee wa Wete ndiye aliyetangulia kula. Akatafuna, akaacha kutafuna, akanitazama kwa chini ya kofia yake.

"Bibi we," akaninong'oneza, "huyu Mreno kajuaje?"

"Kula, shekhe," nikamwambia.

Mwanangu alikula sahani ya kwanza bila kusema kitu, kama baba yake. Akaongeza. Alipofika mwisho wa sahani ya pili akamega mkate, akaupitisha, akauzungusha mpaka sahani ikabaki nyeupe, akatia mdomoni, akafumba macho. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na jagi la maji. Hakuyahitaji maji.

Alipofumbua macho akamgeukia mama mkwe wake. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba zote alizowahi kumpikia ni nzuri, lakini hii imezipita, hii hajui ameifanyaje, anahisi kama alishawahi kuila mahali.

Yule mama akatikisa kichwa. Akanyoosha kijiko kunielekea. "Hapana, hii ni ya mama ya—"

"Mimi nimekata vitunguu tu," nikamkatiza, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

Kwa sababu angesema ni yangu, mtu angeuliza imekuwaje. Na swali hilo lingekwenda moja kwa moja mpaka kwenye beseni, na kutoka kwenye beseni mpaka kwenye ile karatasi, ambayo bado ilikuwa mlangoni mwa friji, nyuma ya kichwa cha mwanangu, na alama zake sita. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa meza moja.

Basi hapo mwanangu akaangalia upande wangu. Shingo aliigeuza vile vile nilivyokuwa nimeomba, akatabasamu, akaniambia, "Mama, mwambie akufundishe hii. Seriously. Mjifunze pamoja."

"Inshallah," nikasema.

Tukaosha vyombo wawili, jikoni, mlango umefungwa. Mimi naosha, yeye anafuta. Nilipofika kwenye kile chombo cha udongo nikashindwa. Nikamwambia maji sikubadilisha, hata mara moja.

Aliendelea kufuta sahani. "Najua," akasema. "Niliyaona yalivyokuwa mazito. Tangu utotoni nayamwaga maji hayo."

"Na yule wa dukani?"

"Nilikupa mlango wa kusema kweli," akasema. "Hukupita."

Akaniuliza kwa nini. Kiingereza changu hakikutosha kueleza koti na dirisha na pipa la kituo cha basi, lakini neno la wivu nilikuwa nalijua, kazini wazee wanalitumia kila siku. Nikamwambia nilikuwa na wivu. Hakucheka, na wala hakunikumbatia kama watu wa kwenye televisheni. Alikasirika, niliona kwenye namna alivyoweka sahani ile chini. Kisha akaibandua karatasi kwenye friji, akaitia mfukoni mwake.

"Umenipa tatizo," akasema. "Sasa mwanao ataniomba hii kila Jumapili, na mimi siijui."

"Nitakufundisha," nikamwambia.

"Lazima unifundishe," akasema. "Na maji nitabadilisha mwenyewe."

Walipokuwa wanaondoka mwanangu akatafuta koti lake kwenye kulabu, halipo. Nikaenda kulitoa chumbani. Alinifuata, akaliona taulo sakafuni, akauliza koti limefuata nini huku.

"Nimelificha lisije likanuka," nikamwambia.

Akalivaa. Akalinusa kwenye mkono wa koti, si kwa kukagua, kama anayetaka kujua tu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, na nikaona kwamba hakumbuki. Mvua, koti dirishani, wenzake waliokuwa wakiziba pua, hakumbuki hata kimoja. Mimi ndiye niliyebaki nayo miaka yote hiyo, nikamwekea, na mwenyewe hakuja kuyachukua.

"Ni samaki tu, Mama," akasema. Akanibusu kichwani, akambeba mtoto wake, akamshika mama mkwe mkono kwenye ngazi kwa kuwa yule mama alikuwa amekumbatia chombo chake cha udongo na haoni chini.

Nikafunga mlango. Nyumba nzima ilikuwa baridi kwa yale madirisha. Nikayafunga moja moja, la jikoni nikalimalizia, na harufu ikabaki ndani na mimi. Nyama ya mbuzi nikairudisha kwenye friza. Kisha nikampigia simu dada yangu Pemba, nikamwambia mtu wa kwanza atakayepata tiketi ya kuja huku ampe papa.

"Kwani sasa hivi uwanja wa ndege wanaruhusu?" akaniuliza.

"Wanaruhusu."

"Kiasi gani?"

"Wengi."

Dada yangu si mjinga. "Na mwanao," akasema, "siku hizi anakula?"

"Anakula sana," nikamwambia. "Ila hajui."